Mnaoenda Tokyo kusoma historia ya Japani, someni hapa kwanza

Wadogo zangu mnaonitumia meseji "kaka nimepata skolashipu ya Japani, nataka kusoma historia yao, nianzie wapi", naandika hapa mara moja ili nisirudierudie. Mi nilikaa Hongo, mtaa wa Tokyo ulipo Chuo Kikuu cha Tokyo, kama mwanafunzi mtafiti, wenyewe wanaita kenkyūsei, na kazi yangu karibu yote ilikuwa inazunguka Shiryō Hensanjo, ile taasisi yao ya nyaraka za historia, iko karibu na Akamon, lile geti jekundu la 1827 ambalo kila mgeni anapigia picha.

Jueni pale sio kitivo. Digrii yako inakaa kitivoni, pale wapo watu wanaokusanya nyaraka za kale, wanazisoma, wanazilinganisha na kuzichapisha. Mizizi yake inatajwa kuanzia 1793, kwenye shule aliyoianzisha Hanawa Hokiichi, mtu aliyekuwa kipofu tangu utotoni na bado akawa ndo bingwa wa maandishi ya kale wa zama zake, hebu fikiria. Mfululizo wao mkubwa, Dai Nihon Shiryō, unapanga matukio ya Japani kwa tarehe kuanzia 887 mpaka 1867, juzuu za kwanza zilitoka 1901 na mpaka leo haujaisha.

Sasa mi nikaingia pale na andiko la utafiti la biashara ya Japani na nchi za nje, karne ya 17 hadi ya 19, eti nimalize ndani ya miaka 2. Sensei wangu, yaani profesa aliyenisimamia, akalisoma lote, akakaa kimya, halafu akaniuliza "waraka upi?" Nikadhani sijamsikia vizuri. Akarudia. Sikuwa na waraka hata mmoja, nilikuwa na mada tu! Kwahiyo usifanye kosa langu, kabla hata hujapanda ndege tafuta waraka mmoja, hata malalamiko ya wanakijiji kuhusu kodi ya mpunga, database yao ipo mtandaoni na picha nyingi zinaonekana bure, uende ukisema nataka kusoma hiki, hapo watakuelewa haraka kuliko ukiwa na nadharia kumi.

Halafu lugha. Nyie mnaotamba na N1, ngazi ya juu kabisa ya mtihani wa Kijapani, poleni mapema. Nyaraka za enzi ya Edo, yaani 1603 hadi 1868, zimeandikwa kwa kuzushiji, herufi za brashi zilizolainishwa mpaka zinateleza kama mlenda, hata Mjapani wa kawaida wa leo hazisomi. Ni sawa na kumpa kijana wa Dar anayeongea Kiswahili safi kabisa barua ya zamani ya Lamu iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, lugha ni yake ila karatasi inamkataa. Kuna neno sōrō, linafunga sentensi za barua za kale karibu zote, na kwenye brashi mara nyingi linabaki nukta tu. Nukta! Wiki ya kwanza nilikuwa naziruka nikidhani ni uchafu wa wino. Anza na apu ya KuLA ya kujifunzia herufi, ipo tangu 2016, na kuna Miwo ya 2021 inayosoma picha kwa akili bandia, inasaidia sana, ila usiiamini kwenye majina ya watu na ya vijiji maana inakosea huku imejiamini.

Tarehe nazo zina mtego. Kabla ya 1873 walitumia kalenda ya mwezi, kwahiyo mwaka wao na wa Kizungu havianzi siku moja. Miaka yao walikuwa wanaihesabu kwa majina ya vipindi, Tenpō 11 ni mwaka wa 11 wa kipindi cha Tenpō. Niliandika waraka wa mwisho wa mwezi wa 12, Tenpō 11, kuwa ni wa 1840 kwasababu jedwali linasema Tenpō 11 ni 1840, kumbe siku zile tayari ni Januari 1841. Nikasahihishwa mbele ya semina nzima. Kwenye saa nilijua nitapeta, maana na wao zamani walihesabu kwa alfajiri na magharibi kama sisi, kwao alfajiri ni sita na jioni pia ni sita, nikafurahi kweli, kumbe saa sita yetu ya mchana kwao ni tisa, na kutoka hapo wanahesabu kurudi nyuma, nane, saba, sita. Nikanywea.

Semina zenyewe ni za kusoma kwa zamu. Unapewa mistari yako, labda sita tu, unaandaa rejume, yaani karatasi ya kugawia wenzio yenye maandishi uliyoyanakili, jinsi yanavyosomwa, na maana. Mistari sita ilikuwa inanila siku tatu. Usijifanye umeelewa, "hapa sijaweza kusoma" inakubalika vizuri tu, kilichokuwa kinawakera ni kubahatisha bila kusema unabahatisha.

Ukipewa waraka halisi vua saa na pete, nawa mikono ukaushe vizuri, kalamu ya wino acha kwenye begi, ni penseli tu. Gombo usilitandaze meza nzima kama mkeka, fungua upana wa mabega, soma, kunja upande huu, fungua upande ule.

Hela sitaki kuongea sana, wakati wangu skolashipu ya serikali yao ilikuwa yeni 143,000 kwa mwezi, ukipata bweni unaishi, ukipanga chumba karibu na Hongo utakula tambi mpaka uzichukie.

Na barua pepe ya kwanza kwa sensei andika fupi, na uambatanishe picha ya huo waraka wako mmoja pamoja na mistari miwili mitatu uliyojaribu kuisoma mwenyewe, hata kama umekosea nusu yake. Yangu ya mistari miwili ilirudi na wino mwekundu kila mahali, na mwisho kabisa kaniandikia njoo Jumanne.