Jibu: Matone au vinyunyizio kwa bustani ya Buswelu
Ndugu yangu, umeuliza kati ya matone (mipira yenye vitundu vidogo) na vinyunyizio kipi kinafaa bustani yako ya nyanya na mchicha hapo Buswelu, Mwanza, ukiwa na tanki la lita 500. Kwa nyanya chukua matone. Maji yanadondoka shinani, majani yanabaki makavu, ukungu unapungua sana. Tanki lipandishe juu ya jiwe, Mwanza mawe hatukosi. Mita moja hadi moja na nusu inatosha, pampu ya nini? Ila ukijaza maji ya ziwa, tafadhali weka chujio. Ule ujani wa ziwani uliniziba mipira yote, nikashinda nazibua kwa sindano, tundu kwa tundu. Mchicha mwagilia kwa keni tu, asubuhi.