Kidonge cha leza: kwa nini kinabonyea ndani badala ya kupasuka?

SWALI: Shikamoo mzee wa maswali. Mimi ni fundi wa taa za wavuvi wa dagaa, niko Mwaloni Kirumba. Kijana wangu kasoma eti Wamarekani wanapiga kidonge kwa leza mpaka kinajikunja kinawaka kama jua. Mimi ninavyojua kitu ukikipiga moto kinapasuka kwenda nje, sasa hiki kinaingiaje ndani? Na kama waliweza tangu 2022 mbona umeme wake hatuuoni?
Fundi Taa, Mwanza

JIBU: Marahaba fundi. Hujakosea, kinapasuka nje kweli, ila ganda la juu tu. We boti unazijua, injini inasukuma maji nyuma boti inaenda mbele, basi hapo ni hivyohivyo, ganda linachemka linaruka nje kwa kasi na kile kilichobaki kinasukumwa kwenda katikati, kutoka pande zote kwa mpigo.

Kidonge chenyewe kina upana wa milimita 2 hivi, ganda la almasi ya kutengenezwa, ndani kumegandishwa haidrojeni nzito za aina mbili, dyuteriamu na tritiamu (zikibanwa sana kwa joto kali zinaungana na kutoa nishati, ndo huko kuwaka kama jua), kwenye baridi ya zaidi ya digrii 250 chini ya sifuri. Wanakiweka ndani ya kikopo cha dhahabu cha sentimita moja hivi, na miale 192 ya leza wala haikigusi kidonge, inapiga kuta za kikopo, kuta zinatoa eksirei, eksirei ndo zinachemsha ganda. Kasi yake ya kuingia ndani inafika kilomita kama 400 kwa sekunde, yaani Mwanza mpaka Dar kwa mstari ulionyooka ni sekunde mbili na kitu hivi!

Sasa shida iko hapa na kwangu ndo utamu wote ulipo. Chukua glasi ijaze maji, funika na kadi, igeuze, achia mkono, maji hayamwagiki (fanyia nje, mimi nilifanyia mezani nikasemwa). Hewa ya chini ina nguvu ya kutosha kuyabeba. Ondoa kadi sasa, yote chini. Hewa haijapungua nguvu hata kidogo, ila uso wa maji hauna tena cha kuunyoosha, kikunjo kidogo tu kinakua, maji yanapenya kushuka hewa inapenya kupanda. Kitu chepesi kikisukuma kizito mambo huwa hayo, wataalamu wanaita msukosuko wa Rayleigh-Taylor, na kwenye kidonge ni gesi ya moto inasukuma ganda zito na kadi hakuna.

Na kinatakiwa kisinyae karibu mara 30, ni kama uminye mpira wa miguu uwe dengu na bado uwe duara safi. Kishimo kwenye almasi ambacho hata jicho halikioni, au kale kamrija kembamba kuliko unywele wanakojazia hiyo haidrojeni, vinatosha kuzaa kidole cha ganda kinachochoma mpaka katikati, karboni ya ile almasi ikishachanganyika na moto inalitoa joto nje kwa eksirei na mchezo umeisha. Agosti 2021 walipata shoti (yaani pigo moja la leza) nzuri sana, wakairudia vilevile mara kadhaa wakashindwa kuifikia, na vidonge kutofanana vilichangia sana.

Tarehe 5 Desemba 2022 pale maabara ya Lawrence Livermore, California, ikakubali. Leza iliingiza megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Ila fundi tuhesabu kwa LUKU maana hiyo tunaijua wote, megajuli 3.6 ndo uniti moja, kwahiyo shoti iliyotangazwa dunia nzima haikufika hata uniti moja, na kuichaji ile leza walivuta kwenye gridi megajuli kama 300, uniti 83 hivi. Nisikufiche, kwa mfukoni hiyo ni hasara tupu, ila ile mashine ilijengwa kupima moto sio kuuza umeme, na kwa kidonge kutoa nishati kuliko ile leza iliyoingiza mimi nawavulia kofia.

Ikitakiwa stesheni ya umeme kweli, vidonge vinabidi vipigwe mara kadhaa kila sekunde, usiku na mchana, vyote duara vilevile. Wao wakishapiga kimoja wanakaa masaa wanasubiri vioo vya leza vipoe.