Brashi yenye harufu ya zizi

Swali lenu la wiki hii, "Unaikumbuka brashi yako ya kwanza ya kunyolea ndevu, nayo iko wapi leo?", limenigusa pabaya. Naikumbuka vizuri sana. Na ilipo napajua, ila si kwangu.

Niliinunua kwa sababu ya vipele. Ndevu zangu ni za kujikunja, na vile viwembe vya plastiki vyenye nyembe tatu au nne zilizopangana vilikuwa vinanitesa. Wembe wa kwanza huuvuta unywele, unaofuata huukata chini ya usawa wa ngozi, kisha unywele ukianza kuota tena hujipinda na kuichoma ngozi kwa ndani. Shingo yangu ilijaa vinundu. Nikaamua kurudia njia ya zamani: wembe mmoja wa makali mawili kwenye kishikio cha chuma, sabuni ngumu ya kunyolea, na brashi. Wembe ulinikata mara mbili tatu, tukazoeana. Sabuni haikuwa na neno. Na brashi ndiyo tuligombana.

Ilikuwa ya nywele za nguruwe, mpini wa mbao, nywele zimesimama wima kama ufagio mdogo. Siku ya kwanza nilipoilowesha ikatoa harufu ya zizi. Leo najua harufu hiyo ni ya kawaida kwa brashi mpya ya namna ile. Unaiosha kwa shampuu, unaitumia, unaiacha ikauke, na baada ya muda inapotea yenyewe. Wakati ule sikujua. Nikaenda kusoma habari za brashi ili nione kama nimeuziwa kitu kibovu, na usiku huohuo nikaangukia habari ya kimeta.

Habari yenyewe ni ya kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta usoni na shingoni, wengine wakafa, na chanzo kikaonekana kuwa brashi za kunyolea za nywele za farasi ambazo hazikuwa zimesafishwa ipasavyo. Vijidudu vya kimeta hujifungia ndani ya vijimbegu vinavyoweza kukaa miaka mingi mahali pakavu, na mkwaruzo mdogo wa wembe huvifungulia mlango. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani. Mambo hayo yamepita miaka zaidi ya 100, na brashi yangu haikuwa hata ya farasi. Lakini mtu aliyeshika brashi inayonuka zizi saa tano ya usiku hapigi hesabu hizo. Nikabandika maji jikoni, yakatokota, nikaitumbukiza humo.

Nywele za brashi hufungwa fungu moja na kugandishwa kwa gundi ndani ya tundu la mpini. Maji ya kutokota huilegeza gundi hiyo, na mpini wa mbao nao huweza kupasuka. Wangu haukupasuka, bahati yangu. Ila asubuhi yake nilihesabu nywele kumi na moja zilizonigandia shavuni, na nikasema moyoni: brashi gani hii inayonyonyoka kama kuku mgonjwa?

Kosa la pili lilikuwa la kila siku. Nilikuwa naichovya brashi majini, naikung'uta, na papo hapo naisugua kwenye sabuni. Unywele wa nguruwe ni mnene na hunywa maji. Ukiuanza ukiwa na kiu, utayanywa maji ya povu lako. Nilikuwa napata mapovu makubwa kama ya kufulia nguo, yanapasuka yenyewe, na nikifika shavu la pili lile la kwanza limeshakauka. Povu la kunyolea linatakiwa liwe zito, laini, linalong'aa kidogo, lisiloonyesha tundu. Linaushika unyevu kwenye ndevu zikalainika, na linaupa wembe mahali pa kuteleza. Kwa brashi ya nguruwe, ni kuilowesha kwanza dakika chache katika maji ya uvuguvugu. Basi. Hakuna siri nyingine, na mimi sikuijua hata hiyo moja.

Baada ya wiki tatu nilichoka. Nikanunua nyingine, ya nywele za melesi, jamaa wa mbali wa nyegere, ghali kuliko ile ya kwanza mara kadhaa. Hizo hushika maji katikati ya nywele na huwa tayari upesi. (Wasiotaka kugusa nywele za nguruwe kwa ajili ya dini, au za mnyama yeyote, wana brashi za nailoni na jamii yake. Hazinywi maji, hukauka haraka, na za siku hizi ni laini kweli.) Ile ya zizi nikampa mdogo wangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi nayo, nimeshaichemsha.

Mdogo wangu hasomi maelekezo ya kitu chochote. Alichofanya ni kuitia brashi kwenye kikombe cha maji ya moto ya bombani, akaenda kuoga, akatoka, akanyoa. Kila siku hivyo, kwa sababu kikombe kilikuwa njiani kuelekea bafuni. Hakujua kwamba anailowesha. Nywele zilizokuwa za kudondoka zilidondoka, zilizobaki zikashika.

Miezi minne baadaye nililala kwake, nimesahau brashi yangu. Nikaazima ile. Niliipitisha shavuni ikiwa tupu kwanza, nikadhani amebadilisha. Brashi ya nguruwe ikitumika, ncha za nywele huchanika mbilimbili na zaidi. Kichwani hiyo ni hasara, kwenye brashi ndiyo ulaini wenyewe. Ncha zilikuwa kama pamba, na chini yake uti ni uleule mgumu, kwa hiyo iliing'ang'ania sabuni na kuizungusha bila kulala chali. Yangu ya melesi, nasema ukweli, hulegea mbele ya sabuni ngumu. Kwa krimu ni malkia, kwa sabuni ni mgeni. Nilinyoa mara mbili asubuhi ile, ya pili bila sababu.

Tulipokuwa tunakunywa chai nikamwambia nimefikiri, na kwa kuwa ile brashi ilikuwa yangu ya kwanza, ningependa kubadilishana naye. Achukue ya melesi, ya bei kubwa, mimi nichukue ile.

Akaweka kikombe chini. "Kaka," akasema, "ile uliyoichemsha?"