Mpira mpya, mshono na vumbi la Tabora

Kijana anayeanza kurusha kwa kasi kwenye kriketi huamini nguvu ndiyo itakayoupinda mpira. Anakimbia mbio ndefu, anarusha kwa bega lote, na mpira unanyooka kama reli. Kinachoupinda ni mshono, ule uzi uliotokeza kuzunguka katikati ya mpira. Ukiinama kidogo, huvuruga hewa upande mmoja. Hewa hiyo hung'ang'ania mpira kwa muda mrefu kuliko ile ya upande laini, na mpira huvutwa kule mshono ulikoelekea.

Ili mpira umkimbie mpigaji wa mkono wa kulia, weka kidole cha shahada na cha kati juu, kimoja kila upande wa mshono, na ubavu wa gumba chini yake. Mshono uelekee kwa mdakaji wa slipu ya kwanza (anayesimama nyuma ya mpigaji, kushotoni kwako), digrii 20 hivi, upande unaong'aa ukiwa kuliani kwako. Ukitaka uingie miguuni mwake, geuza vyote viwili.

Wengi huharibikiwa kwenye kiganja. Kikiangukia pembeni wakati wa kuachia, mshono hutikisika, hewa huvurugika pande zote, swingi, yaani kupinda huko, inakufa. Kiganja kikae nyuma ya mpira, vidole viuburute chini ili uzunguke kinyumenyume. Msimamishe mwenzako nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu vya mpigaji: akiona mstari mmoja mweupe, vizuri, akiona ukungu, rudia kiganja kabla ya kuongeza kasi.

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo mpira hupinda pungufu kidogo kuliko kule. Usirushe fupi, udundishe mita tatu hadi tano mbele ya vijiti vya mpigaji, upate muda wa kupinda.

Halafu kuna mchanga wa kiangazi, ambao hula ngozi ya mpira upesi. Tangu ova ya kwanza (mirusho sita ya mwanzo) chagueni upande mmoja wa kung'arisha, muufute kwa kitambaa kikavu na kuusugua kwenye suruali. Jasho linaruhusiwa, mate yalikatazwa 2020 na katazo likawa la kudumu 2022. Wachezaji wanaolinda uwanja warushe mpira moja kwa moja mikononi mwa mlinda wiketi, usiburuzike chini.

Swingi ya kinyume, ya mpira uliochakaa, ambapo mpira hupinda upande ulio kinyume na mshono, huhitaji kasi kubwa. Wa sekondari waiache kwanza.