Kipimo kupanda hakuthibitishi kwamba bakteria wanatoa mwanga

Ndugu wa Mbarara uliyeuliza kama E. coli (bakteria wa utumbo) uliowatilia peroksidi ya hidrojeni wanatoa mwanga, kwa kuwa kipimo cha mwanga kilipanda: usikubali bado. Hawa hawana lusiferasi, kimeng'enya cha kutengeneza mwanga. Mwanga wao, ukiwapo, hutokana na oksijeni kali inayoshambulia mafuta na protini za seli, na ni hafifu mno kwa jicho.

Mshukiwa wa kwanza ni mchuzi wa kuoteshea. Dondoo la hamira lililomo hujioksidisha na kutoa mwanga hata pasipo bakteria, na peroksidi huuzidisha. Zungusha seli kwenye sentrifuji, mwaga mchuzi, zioshe mara mbili kwa bafa ya fosfati (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi), ndipo utie peroksidi. Kisahani cha kulinganishia kiwe na bafa na peroksidi ileile, bila seli. Anza kupima papo hapo, maana katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi, ya E. coli wengi humaliza peroksidi upesi.

Plastiki ya kisahani nayo hunywa mwanga wa taa na kuurudisha polepole. Iache gizani nusu saa au zaidi.

Sasa hesabu. Kipokezi cha mwanga kikitoa mipigo (ishara za umeme zinazohesabiwa) 15 kwa sekunde gizani, dakika moja ni 900, na kuyumba kwake ni kipeuo cha pili cha 900: 30. Ongezeko la 20 kwa dakika si kitu. Likidumu dakika 30 ni 600 dhidi ya kuyumba kwa 164 (kipeuo cha pili cha 27,000), hapo tunaweza kuzungumza.

Umeme ukikatika, upozaji wa kipokezi husimama, kikapata joto na mipigo ya giza ikapanda. Kipoe kwanza, upime giza upya.