Meno ya mashine ya kahawa: huku pwani hayafi kwa uzee

Watu wanaotaka kununua mashine ya kusagia kahawa hunipigia simu wakitaja wati, rangi na bei. Meno, yaani vile vipande viwili vyenye mikato vinavyosaga buni, hawayataji. Na meno ndiyo mashine yenyewe: mota kazi yake kuyazungusha, na lile bodi linalong'aa kazi yake kuyafunika. Mashine ya bei kubwa yenye meno butu itakusagia vibaya kuliko kinu kidogo cha mkono chenye meno makali.

Mimi nauza kahawa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye hizi barabara zetu za namba, na nikishafunga jioni nahudumia mashine za wenzangu wa vibanda, za migahawa ya upande wa Raskazone na za majumbani. Katika zote hizo ni chache nilizokuta meno yamekufa kwa kuchakaa. Mengi yameuliwa na unyevu, mawe au viungo.

Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa nyumbani anayesaga gramu 30 kwa siku, mwaka mzima hamalizi hata kilo 11 na nusu. Meno mazuri ya chuma hubeba mamia ya kilo kabla ya kuanza kulegea. Kwa hesabu hiyo meno ya nyumbani yangerithiwa na wajukuu, lakini nikifungua mashine nakuta kutu na mafuta yaliyochacha. Mwenye kibanda anayesaga nusu kilo kwa siku yeye anafika kilo 180 na ushei kwa mwaka. Huyo ndiye mwenye haki ya kuwaza kuchakaa.

Sasa kuchagua. Zile za visu zinazofanana na blenda ziachie pilipili manga, maana hazisagi, zinakatakata. Utapata unga na vipande vya buni katika mkupuo mmoja. Mashine ya meno ina meno mawili, moja limetulia na jingine linazunguka, na nafasi iliyo kati yao ndiyo inayoamua unga uwe laini au wa chenga. Ya koni, jino la ndani lina umbo la pia ya kuchezea, lina mikato, linakaa ndani ya pete. Ya bapa ni pete mbili zinazotazamana, buni inaingilia katikati na kurushwa nje kwa nguvu ya mzunguko. Koni haihitaji kwenda kasi, ndiyo maana vinu karibu vyote vya mkono ni vya koni. Bapa nzuri hutoa unga ulio sawa zaidi, ila inadai mota yenye nguvu na inadai meno yakae sambamba kabisa. Yakipinda kidogo tu, faida yote imekwenda.

Usawa wa unga una maana gani kwenye kikombe? Vumbi linatoa kila kilichomo haraka sana, hadi uchungu usiotakiwa. Chenga kubwa zinatoa nusu tu, zinaacha ukali kama wa tunda bichi. Vikikutana ndani ya kikombe kimoja unakunywa makosa mawili kwa bei moja. Kahawa yetu ya dele inasamehe mengi kwa kuwa inachemshwa, lakini vumbi haisamehe. Vumbi halituami. Kuna mzee wa baraza letu, akishika kikombe anakiinamisha kwenye mwanga kwanza, na siku moja nilipokuwa na mashine ya kuazima alinirudishia bila kunywa: "Mwanangu, leo umetupikia kahawa au tope?" Chini ya kile kikombe kidogo masimbi yalikuwa yanaelea bado, mazito, rangi ya udongo.

Kwa hiyo chagua kwa kile unachopika. Wa dele hana haja ya meno ya kipenyo cha milimita 83. Koni ya chuma inayosaga sawasawa inamtosha, na pesa inayobaki anunue buni nzuri. Mwenye mashine ya espreso anahitaji bapa za milimita 58 au 64 kwenda juu, au koni nzito, na kirekebishaji (kile cha kubana au kulegeza nafasi kati ya meno) kinachosogea kidogo kidogo bila kuruka ngazi, kwa sababu espreso huharibika kwa tofauti ambayo jicho haliioni. Nyumbani, kinu cha mkono chenye koni ya milimita 38, mfano Timemore C2, kinatosha kabisa kwa vikombe viwili vitatu. Vile vinu vya chuma cha kutupwa vya kusagia karanga na mahindi, vinavyofungwa kwenye ukingo wa meza, usidanganyike na bei. Sahani zake zinacheza, na unga wake ndio ule wa tope.

Kuhusu malighafi, nitasema bila kuzunguka: pwani nunua chuma kisichoshika kutu ukiweza. Meno mengi ya mashine za migahawa ni ya chuma kigumu sana, makali, yanadumu, lakini yakilala na unyevu yanashika kutu. Kauri haijui kutu wala haichakai haraka, ila jiwe moja tu linaweza kuimega, na kauri iliyomeguka haina dawa. Kuna na zile za rangi ya dhahabu, zimepakwa titani. Rangi hiyo inaongeza umri wa makali, haiongezi utamu. Kama unasaga kidogo, usiilipie.

Swali la mwisho dukani ndilo ningeliweka la kwanza: meno ya akiba yanapatikana? Tafuta namba iliyogongwa kwenye jino. Kama haipo, pima kwa venia, kile kipimo cha taya cha mafundi, kipenyo cha nje, tundu la kati, unene, na nafasi kati ya matundu ya skrubu. Tazama pia mikato imeelekea upande gani, maana meno bapa yamekatwa kwa mzunguko wa upande mmoja, na kuna ya kulia na ya kushoto. Ukiagiza ya upande usio wako yatakaa vizuri, skrubu zitaingia, kisha mashine itapapasa kahawa badala ya kuikata.

Nikirudi kwa wauaji, wa kwanza ni viungo. Kahawa ya tangawizi na iliki ni yetu na hakuna wa kutukataza, lakini tangawizi isipite kwenye meno ya kahawa. Tangawizi kavu ina nyuzi. Zinajisokota kwenye mikato na kukaa hapo. Iliki inaacha mafuta. Karafuu ndiyo mbaya zaidi, mafuta yake yanakula plastiki, na harufu ikishaingia kwenye kikombe cha kupokelea unga haitoki. Dada mmoja mwenye mgahawa aliniita:

"Kaka, ile mashine inanuka."

"Umesagia nini, dada?"

"Kahawa tu." Akanyamaza kidogo. "Na iliki, kidogo sana, siku ya maulidi."

Tulifungua. Kwenye kila mkato, pale kwenye pembe ya ndani, palikuwa na uzi wa kijani uliogandamana na masimbi meusi, mgumu kiasi cha kuhitaji kijiti cha kuchokolea meno. Tulichokoa mkato mmoja mmoja hadi adhana ya alasiri, tukapitisha kahawa ya zamani ya kutupa, tukanusa, tukarudia. Meno yalipona, kile kikombe cha plastiki kilitupwa. Atakayeniambia kwamba EK43, ile mashine kubwa ya dukani yenye meno ya milimita 98, inasaga viungo kwenye maduka ya watu, nitamjibu ni kweli, lakini mwenye duka hilo hapitishi kahawa ya wateja hapo hapo baada ya bizari. Kinu na mchi havijaisha Tanga. Viungo vitwange.

Muuaji wa pili, jiwe. Buni inayokaushwa juani na ganda lake, kama nyingi ya robusta ya Kagera, huweza kuja na vijiwe, na hata ya Lushoto sijaipa msamaha. Kijiwe kikishakaangwa kinakuwa na rangi ile ile ya buni. Dawa ni ungo. Pepeta, kisha mimina kwenye sinia la bati polepole na usikilize: buni inatoa mlio mwepesi, jiwe linagonga. Mama yangu anachagua mchele hivyo hivyo kwa macho na kwa sikio, hakuna elimu mpya hapa. Jiwe likishaingia utasikia mkwaruzo na mota itakwama. Zima, chomoa waya ukutani, fungua. Usijaribu kulivunja kwa kuongeza mzunguko.

Wa tatu ni hewa. Hewa ya bahari ina chumvi, na masika yakianza mwezi Machi kila kitu cha chuma mjini kinajua. Mashine isikae jirani na dele linalofuka mvuke. Usiku usiache buni wala unga ndani, maana unga unavuta unyevu na kuulaza juu ya chuma. Na tafadhali, meno hayaoshwi kwa maji. Brashi kavu ya nailoni, kijiti, kitambaa, na kile kimpira cha kuvutia kamasi za mtoto (nunua kipya, kiandike jina, kifiche) kwa kupuliza vumbi la pembeni. Kibanda, fagia kila siku, fungua meno kila wiki. Nyumbani, mara moja kwa mwezi inatosha. Sisi tunakaanga hadi buni inang'aa kwa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayochacha, kwa hiyo usiige ratiba za wanaokaanga kidogo.

Kutu nyepesi isikutishe. Isugue kavu kwa brashi, saga kahawa ya kutupa, endelea. Kutu iliyotoboa makali ni habari nyingine. Usipake mafuta ya nazi wala ya kupikia kwenye meno, yatachacha na kukuachia harufu. Na mchele mkavu wa kusafishia, ushauri unaopendwa sana, mimi siutumii kabisa: punje yake ni ngumu kuliko buni iliyokaangwa, inachosha mota, na inaacha unga mweupe kwenye pembe. Kwa hapa, buni zilizopitwa na wakati zinafanya kazi hiyo.

Utajuaje kuwa yamechakaa kweli? Unazidi kubana kirekebishaji kila mara ili upate unga ule ule. Kusaga kunachukua muda mrefu kuliko zamani, unga unatoka na joto, vumbi linaongezeka. Chomoa waya, toa jino, vuta ukucha kwa upole juu ya ncha ya mkato. Kali linakwangua ukucha, butu linateleza. Lielekeze kwenye jua: ncha iliyokufa inarudisha mstari mwembamba wa mwanga, ncha kali haionyeshi kitu.

Hapo ndipo watu hunitaja fundi wa kuchonga. Tanga mafundi wa chuma hatukosi. Mkonge uko hapa tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na viwanda vyake pamoja na karakana za reli vimefundisha watu wengi kushika tupa na mashine ya kuchongea. Fundi wa namna hiyo atakuchongea skrubu iliyopotea au kunyoosha kitako cha jino kilichopinda, na kwa hilo nampeleka mteja bila wasiwasi. Kunoa meno yenyewe, hapana. Mikato ile ina pembe na kina kilichopangwa kuanzia katikati hadi ukingoni. Ukikwangua juu tu umepunguza kina, na jino limekuwa sahani. Nunua jipya.

Kufunga jipya, safisha kitako kwanza. Chembe moja ya masimbi chini ya jino inaliinamisha. Skrubu zikaze kidogo kidogo kwa kuvukana, usimalize moja ndipo uende nyingine. Kwenye koni, skrubu ya katikati mara nyingine imegeuzwa, inafunguka kwa upande usioutarajia, kwa hiyo ikigoma usiitie nguvu kabla hujajaribu upande wa pili. Kisha paka maka peni kwenye ukingo wa nje wa jino bapa, rudisha, waya ukiwa umechomolewa, zungusha kwa mkono huku ukibana hadi yaguse kidogo tu. Fungua utazame. Wino ukifutika mzingo mzima, meno yako sambamba. Ukifutika upande mmoja, upande uliobaki na wino uko chini; weka chini yake kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, ambayo unene wake haufiki sehemu mbili za mia za milimita, ujaribu tena. Kazi hii inachosha na huongei na mtu wakati unaifanya. Lakini nimeona mashine ya kawaida kabisa ikipita ya bei kubwa baada ya foili mbili.

Meno mapya hayatulii siku ya kwanza. Pitisha kilo mbili tatu za buni za kutupa kabla hujampa mteja, na utegemee kusogeza kirekebishaji wiki za mwanzo. Umeme ukikatika katikati ya kusaga, zima swichi na utoe buni zilizokwama kabla haujarudi, maana mota ikiamka na mzigo kinywani, tena kwa umeme hafifu, inaweza kuungua. Baada ya wiki moja fungua tena ukaze skrubu. Huwa zimelegea kidogo.