Anataka malipo ya TASAF yahamie kwenye simu yake

*Shangazi, kaya yetu ni walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Tangu hela zianze kuingia kwenye simu ya mke wangu amebadilika. Kaweka namba ya siri, ananijibu mkato, na majuzi kanunua kuku sita bila kunishirikisha, wanalala jikoni. Ile ya Machi niliipokea mimi, ikaisha. Nifanyeje namba ya malipo iwe yangu? – Baba wa Watatu, Lindi*

Pole, mwanangu. Kuomba hela kwa mkeo kunauma, nalijua hilo. Sasa tusemezane.

Hakuna mahali ulipoandika kwamba watoto wamelala njaa au wamekosa daftari. Malalamiko yako ni kuku na simu. Halafu ukachomeka: "ile ya Machi ikaisha". Iliishaje? Hapo umepakimbia. Mkeo anajua iliishia wapi, ndiyo maana kaweka namba ya siri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Fedha hizo ni za kaya, si posho ya kichwa cha nyumba. Mpango huo wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012, na wapokeaji wengi ni akina mama, kwa sababu masharti yake ndio wanaoyabeba: mtoto mdogo afike kliniki, mkubwa asikose shule. Utoro ukizidi, malipo yanakatwa. Nani huamka alfajiri kumtoa mtoto kitandani? Hujaandika kuwa ni wewe.

Tena hela yenyewe huja kila baada ya miezi miwili, na ni kidogo. Mwanamke aliyetoa humo kuku sita amejinyima. Mayai yatanunua chumvi na sabuni kabla dirisha la malipo halijafunguliwa, na siku kaya yenu itakapohitimu na kutoka kwenye mpango, kuku watakuwapo.

Ndoa za sasa zimekuwa za kuviziana simu. Zamani mama ndiye aliyejua ghalani yamebaki madebe mangapi, na hakuna baba aliyelia kuwa kadharauliwa. Alilima, akaleta, akamwachia.

Kwa mtendaji wa kijiji usiende kudai namba ibadilishwe. Leo kabla hujalala mwambie mkeo, kwa kinywa chako, ile ya Machi ilikwenda wapi. Asubuhi katafute miti na makuti ujenge banda, kuku watoke jikoni.